Nipe Sauti Yako

Wiki nzima mmenisumbua mkitaka kujua ndani ya lile boksi mna nini. Vitamu! Haya, mmeridhika? Vipande vya maharage mekundu yaliyosagwa na sukari, vizito kama mche wa sabuni, aina ile ambayo watu wa Tokyo hawainunui mpaka wawe na jambo zito la kusema.

Yuina Hirasawa alikuwa bado ameinama palepale tulipomwacha, kichwa chini, mikono miwili imenyoosha boksi mbele. Chinatsu Okabe alikuwa kitini kwenye chumba cha kusubiria, tonge la wali lililozungushiwa mwani likiwa nusu mdomoni, akimtazama asielewe kitu.

"Dada Chinatsu," Yuina akarudia, "asante kwa kazi yote uliyoifanya. Hibari nitamtunza. Nakuahidi, nitamtunza kama ulivyomtunza wewe."

Tonge likamkwama kooni.

Kama ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu leo, sikiliza haraka, sirudii. Hibari ni mtoto wa katuni. Kila Jumapili asubuhi watoto wa Japani hukaa mbele ya televisheni kumwangalia: binti mdogo, mcheza jukwaani wa kikundi cha maigizo kinachohamahama, ambaye akifungua pepeo lake la kujipepea hugeuka shujaa wa nyota na kupigana na giza. Uso wake ni wa kuchorwa. Sauti yake ni ya Chinatsu.

Na kule kwao kuna desturi. Mhusika akibadilishiwa mwigizaji, mpya humwendea wa zamani na boksi la vitamu, humwinamia, humshukuru, humwomba radhi. Ni adabu nzuri kabisa, ila ina sharti moja: wa zamani awe ameshaambiwa.

Chinatsu hakuwa ameambiwa.

"Umtunze?" alisema. "Kwani Hibari anakwenda wapi?"

Yuina aliinua kichwa. Msichana wa watu alikuwa anatabasamu, na lile tabasamu likafa taratibu mbele ya macho ya mwenzake.

"Dada... hawajakuambia?"

"Hawajaniambia nini?"

"Jamani. Jamani, jamani, jamani."

"Yuina, sema!"

"Niliambiwa nije leo. Niliambiwa leo ndiyo siku nzuri, kabla hamjaingia kurekodi. Nikajua umeshapewa habari. Dada, naapa nilijua unazo!"

"Uliambiwa na nani?"

Yuina akafungua mdomo. Mlango nao ukafunguka.

"Habari za asubuhi!" Bwana Kuramochi aliingia kwa mbwembwe zake. Ilikuwa mchana, watu wameshakula, lakini kwenye kazi ile salamu ni ya asubuhi hata jua likiwa limezama. Meneja huyu wa waigizaji alimwona Chinatsu, akamwona Yuina, akaliona boksi. Uso ukamshuka.

"Yuina," alisema polepole, "toka nje."

Yuina aliliweka boksi mezani, akatoka karibu akimbie. Chinatsu alibaki analitazama. Lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cha buluu iliyokolea chenye korongo weupe, na pembe moja imeshonwa kwa uzi mwekundu. Moyo ulimwambia kitambaa hiki anakijua. Lakini kichwa hakikuwa na nafasi ya vitambaa.

"Tulipanga tukuambie jioni," Bwana Kuramochi alisema. "Baada ya kurekodi."

"Baada!"

"Usije ukavurugika. Leo ni siku nzito, unajua mwenyewe."

"Ninajua. Leo Hibari anampa Malkia wa Vumbi sauti yake ili wenzake waachiwe. Nimeisoma skripti hiyo nikalia, Bwana Kuramochi. Nililia kwenye treni, watu wakanipisha kiti! Niliwapigia waandishi simu kuwapongeza!"

"Ni hadithi nzuri."

"Ni mlango wa kunitolea nje! Leo anapoteza sauti, Jumapili inayofuata anaipata mpya, na watoto hawaulizi. Mmeniandikia kifo changu mkanipa nikisome kwa hisia!"

Bwana Kuramochi alitoa leso akajifuta paji la uso. Alikuwa mtu wa kufuta jasho hata wakati wa theluji.

"Ni koo lako," alisema. "Wakubwa wamesikia lina uvimbe. Hawawezi kubeba hatari hiyo katikati ya msimu. Usinitazame hivyo, mimi ni mtumwa tu."

Kumbe!

Uvimbe ule daktari aliuona wakati wa mvua. Alimwambia waziwazi: pumzisha koo utapona, lakini ukiendelea kupiga mayowe, siku moja litagoma na usije ukanililia mimi. Chinatsu hakumwambia mama yake kule Akita. Hakumwambia meneja. Alimwambia mtu mmoja tu chini ya mbingu hii.

Alisimama, akatoka, akaenda kumtafuta mtu huyo.

* * *

Mwalimu Tomoe Murase alikuwa amekaa ukumbini kando ya mashine ya kuuzia vinywaji, anakunywa maji yake ya tangawizi aliyotoka nayo nyumbani. Bibi mdogomdogo, mgongo umenyooka kama amemeza rula. Huyu ndiye sauti ya Malkia wa Vumbi. Alikuwa akisikika redioni tangu bibi yake Chinatsu ni mwari.

Na ndiye aliyemlea Chinatsu kwenye kazi. Binti alipofika Tokyo na lafudhi yake ya kaskazini, watu wakimcheka kila akifungua mdomo, Mwalimu Murase alimchukua nyumbani kwake. Chinatsu alifagia, alipika, alipiga pasi, na jioni alifundishwa. Alifundishwa kupumua. Alifundishwa kuvaa pamba tupu, maana nailoni inasema. Alifundishwa kula kabla ya kurekodi, tumbo lisije likanguruma mbele ya maikrofoni. Zaidi ya yote alifundishwa kufunua ukurasa: ushike pembe, uinue, uupitishe hewani pole kama unamvua mtoto aliyelala shati.

"Karatasi ikilia, mwigizaji amejiua," ndivyo alivyokuwa akiambiwa. Na karatasi ya Mwalimu Murase hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Watu wa studio walilisema hilo kama wanavyosema mlima Fuji upo.

"Ni wewe, Mwalimu?" Chinatsu aliuliza.

"Ni mimi."

Hakujifanya hata kuuliza "mimi nini". Alipuliza maji yake, akanywa funda.

"Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, lakini usipaze sauti. Una uvimbe."

Nyie! Kuna watu wana ngozi ngumu. Chinatsu alisogea mpaka mbele yake.

"Nilikuambia wewe peke yako! Nililia mapajani mwako, ukanishika kichwa, ukaniambia itabaki hapahapa!"

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungekufa nayo." Mwalimu aliweka kikombe chini. "Nakujua, mwanangu. Ungeupiga ukelele wa leo mpaka damu, ukatoka pale bubu. Nimewaona wangapi? Wasichana wenye sauti za dhahabu, leo wanauza soksi sokoni wakionyesha bei kwa vidole. Nilikwenda kwa wakubwa nikawaambia, mtoeni huyu mtoto kabla hajajimaliza. Basi nichukie. Nichukie, lakini uwe na sauti ya kunitukania."

Hasira ya Chinatsu ilikuwa imejaa mpaka kooni, lakini ghafla ikakosa pa kushika. Machozi ndiyo yakatoka.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Unaona."

Mwalimu alimimina tangawizi kwenye kifuniko cha chupa akampa, waigizaji wenzao wakianza kupita kuelekea chumba cha kurekodi. "Sasa nisikilize. Pale mwisho, usipige ukelele. Toa pumzi tu, fundi mitambo atajaza kwa vyombo vyake. Watanung'unika, waache wanung'unike. Utoke na koo lako zima. Kazi zipo."

Chinatsu alikunywa. Kisha, wasomaji wangu, akainama. Aliinama mpaka nywele zikamfunika uso, akamshukuru!

* * *

Chumba cha kurekodi kilikuwa kama siku zote. Skrini mbele, maikrofoni chache zimesimama kwenye mstari, viti vimezunguka ukutani. Waigizaji wakongwe hukaa ndani, wachanga karibu na mlango. Kwenye kiti cha mlangoni kabisa alikuwa amekaa Yuina. Ameletwa "kuangalia na kujifunza," Bwana Kuramochi alieleza, na waigizaji wote ghafla wakaona viatu vyao vinapendeza kutazamwa.

Maikrofoni zikiwa chache, adabu ya kwanza ya mle ndani ni kusogea. Unasema maneno yako, unateleza pembeni kimya, mwenzako anaingia. Anayegandia pale hana haya.

"Chinatsu, uko sawa?" Sauti ilitoka kwenye spika. Alikuwa Bwana Ozeki, mwongozaji, nyuma ya kioo.

"Niko sawa."

"Tunakwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Ukelele uwe wa kweli. Usinipe wa redio."

Mwalimu Murase alikohoa kidogo, kana kwamba anamkumbusha.

Taa nyekundu ikawaka.

Picha zilikuwa hazijamalizika, kama kawaida ya kazi hizi. Malkia alikuwa mistari ya penseli. Hibari naye mistari ya penseli, kichwa duara tupu, pepeo mkononi kama kijiti. Mwalimu Murase akaingia kwenye maikrofoni, na yule bibi mdogo akatoweka. Sauti iliyotoka ilikuwa baridi ya kaburini.

"Nipe sauti yako, mtoto. Nami nitawaachia wenzako."

Chinatsu akaingia maikrofoni ya pembeni yake.

"Ukiichukua, nitaimba na nini?"

"Utaimba na kimya. Watu watakupigia makofi kwa huruma."

"Basi chukua," Chinatsu alisema, na sauti ikawa ile, ndogo, safi, yenye ujeuri wa mtoto asiyejua kuogopa. "Chukua, lakini hii ya mwisho ni yangu."

Kwenye skrini Hibari akafungua mdomo. Kiduara cha penseli.

Toa pumzi tu, Mwalimu alisema. Chinatsu alikuwa ameshaamua kutii, wallahi alikuwa ameshaamua. Lakini alimtazama yule mtoto pale, hana nyama, hana damu, hana hata rangi ya nywele. Hana kitu duniani isipokuwa sauti. Na leo kila mtu aliyemjua amemuuza. Je, na mimi nimuuze?

Akapiga ukelele.

Sitajaribu kuwaandikia ukelele ule, karatasi ya gazeti haiubebi. Ulianza chini, ukapanda, ukapasuka, ukaendelea kupanda ukiwa umepasuka. Kuna mwigizaji mwanamume, mtu mzima mwenye wajukuu, aliziba mdomo kwa kiganja. Ulipokatika, Chinatsu alihisi kitu kimeachia kooni, kama uzi umekatwa.

Taa nyekundu ikazima.

"Nimepata," Bwana Ozeki alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Chinatsu... asante. Nimepata."

Chinatsu alifumba macho. Basi. Wamchukue Hibari sasa, atamwacha akiwa mzima.

"Samahani, bosi." Ilikuwa sauti ya fundi mitambo. "Kuna karatasi."

"Karatasi gani?"

"Imelia kwenye ukelele, mwishoni. Imekaa juu yake kabisa, siwezi kuitoa."

Watu wote wakageukiana. Nani? Nani mwendawazimu amefunua ukurasa pale?

Mkono mmoja mwembamba ukapanda juu.

"Ni mimi," Mwalimu Murase alisema. "Uzee, jamani. Samahanini sana."

Kicheko kidogo cha upole kikazunguka chumba. "Hata nyani huanguka mtini, Mwalimu," mmoja akasema, na wengine wakacheka zaidi, maana ni faraja kumwona mkubwa akikosea. Mwalimu akainama huku na huku, akarudi kitini kwake.

Chinatsu hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni yake kabisa. Alitazama skripti iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe, akaigeuza, akaigeuza tena.

Ukelele ule ulikuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Baada yake kuna jalada. Hakukuwa na ukurasa wa kufunua.

Mtu hafunui ukurasa ambao haupo. Ile karatasi iliminywa kwa kidole.

"Haya, si mwisho wa dunia," Bwana Ozeki alisema kwenye spika. "Chinatsu, naomba tena. Ileile."

"Ndiyo," Chinatsu akajibu.

Hakukutoka kitu. Ilitoka hewa.

Akameza mate, akajaribu tena. Midomo ikasema ndiyo, ulimi ukasema ndiyo, koo likakataa.

"Chinatsu?"

"Maskini," Mwalimu Murase alisema kutoka kitini, akitikisa kichwa. "Nilimwambia. Nilimwambia asipige ukelele. Wote mliokuwa mkipita ukumbini mlinisikia."

Nyuma ya kioo watu walinong'onezana. Bwana Kuramochi alifuta jasho. Halafu spika ikasema, "Yule binti mlangoni. Yuina. Unaweza kuuiga huo ukelele kwa sauti ya Hibari?"

Yuina akasimama. Maskini, hajui uongo.

"Naweza," alisema. "Sauti ya Hibari ninaifanyia mazoezi kila jioni. Nakaa nyumbani kwa Mwalimu, ananifundisha."

"Tangu lini?" spika ikauliza.

"Tangu wakati wa maua ya mcheri."

Chinatsu akageuka. Maua ya mcheri huja kwanza. Mvua huja baadaye. Wakati daktari anauona uvimbe, mrithi alikuwa ameshapatikana zamani, anakula mezani palepale, analala chumba kilekile!

Ndipo akakiona. Yuina alikuwa amerudi kukifungua kwenye boksi, na sasa amekikunja mkononi anakifinyafinya kwa woga: kile kitambaa cha korongo weupe. Ule uzi mwekundu kwenye pembe Chinatsu aliushona mwenyewe kwa mkono wake, usiku wa baridi, sebuleni kwa Mwalimu Murase, akikanywa kwamba mshono wake umepinda. Nani alimtuma Yuina na boksi leo, saa ile, kabla ya kurekodi? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alitumwa na nguo yenyewe.

Hakuwa na sauti ya kusema hayo. Fikirini wenyewe: una ukweli wote mdomoni, na mdomo hauna kitu.

Akaondoka kwenye maikrofoni akaenda mpaka kwenye kioo. Akaufungua ukurasa wa mwisho wa skripti, akaubandika kwenye kioo kwa viganja vyote viwili, mbele ya uso wa Bwana Ozeki. Akagonga kwa kidole pale palipoandikwa ukelele. Akageuza, akaonyesha jalada. Akamnyooshea kidole Mwalimu Murase.

Bwana Ozeki alisoma. Chinatsu aliona macho yake yakishuka mpaka mwisho wa ukurasa, yakaenda kwenye jalada, yakampita yeye begani yakamfikia Mwalimu, yakarudi. Alielewa. Huyu hakuwa mjinga, alielewa kila kitu.

Halafu akainamisha kichwa akatazama saa yake.

"Muda hatuna," alisema kwenye spika, taratibu, bila kumtazama. "Yuina, njoo maikrofoni."

Msitarajie mimi niwaambie kwamba dunia ina haki. Mimi naandika tu.

Yuina akaja, kitambaa kimeshikwa kwa mikono miwili kifuani. Chinatsu akarudi, akafika kabla yake, akasimama mbele ya maikrofoni ile aliyokuwa akiitumia tangu Hibari azaliwe.

"Dada," Yuina alinong'ona, machozi yakimtoka, "nisamehe. Naomba unipishe."

Chinatsu hakusogea.

"Chinatsu," spika ikasema, "tafadhali. Taa inawaka."

Nyekundu ikawaka. Waigizaji walimkodolea macho, maana jambo lile halijawahi kutokea mle ndani: mtu kuambiwa asogee na asisogee. Mwalimu Murase peke yake alikuwa anatabasamu kidogo, kama mzazi anayengoja mtoto achoke kudeka.

Chinatsu akamtazama yeye. Akachana ukurasa wa mwisho kutoka kwenye skripti, akaushika kwa ncha za vidole kama alivyofundishwa, akauinua pole mpaka ukagusana na maikrofoni. Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa amevaa visikizio masikioni, sauti ameifungua yote akingoja ukelele.

Akaanza kuupasua, polepole, kutoka juu kwenda chini.

Fundi mitambo aliruka kitini aking'oa visikizio kichwani. Karatasi ililia chumba kizima, ikalia, ikalia, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu Murase lile tabasamu lilikuwa limemtoka, na alikuwa ameshainuka kitini, anamjia Chinatsu, mkono umeinuka kumpiga.